Shimo Lilitangulia, Karatasi Ikafuata

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya miteremko, na fundi anayechimba shimo la maji juu ya mteremko anachezea maisha ya jirani wa chini. Ndiyo maana tangu zamani mtu hakuruhusiwa kujenga pisini, yaani bwawa la kuogelea, bila karatasi mbili. Ya kwanza ni leseni ya fundi mwenyewe, inayoshuhudia kwamba anajua kazi ya kuzuia maji. Ya pili ni kibali cha mahali, kinachosema shimo ni la nani, lina kipimo gani, na maji yake yatatokea wapi siku ya kuyamwaga. Papa Adalbert alizijua karatasi hizo kama alivyozijua shanga za rozari yake. Katika miaka ishirini na nane alikuwa amejenga pisini kumi na moja, zote Ibanda, katika nyumba kubwa za kando ya ziwa, na hakuna hata moja iliyopasuka.

Lakini kulikuwa na sheria, na kulikuwa na desturi. Karani anayetoa kibali lazima aje apime, naye atapima nini kama hakuna shimo? Basi mafundi wote walichimba kwanza, wakati wa kiangazi, udongo ungali mkavu. Karani alikuja baadaye, akatembea ukingoni na utepe wake, akaandika. "Shimo ndilo linaloomba," mafundi walisema. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa.

Mwezi wa sita mwaka wa 1998, Bwana Idrissa, mfanyabiashara wa vitenge mwenye asili ya Uvira, alimwita Adalbert nyumbani kwake Ibanda. Alikuwa na mabinti wanne, wote wapenda maji kama bata, naye hakutaka waoge ziwani mbele ya macho ya watu.

"Papa Adalbert," alisema, "nijengee maji yangu ndani ya ukuta wangu. Wacheze humo mpaka wachoke, na mimi ninywe chai yangu kwa amani."

Adalbert alipeleka dosie, jalada la maombi yake, katika ofisi ya ujenzi ya mji. Aliomba karatasi zote mbili, kwa kuwa leseni yake ya zamani ilikuwa na jina la Zaïre juu yake, na nchi ya jina hilo haikuwapo tena tangu mwaka uliotangulia. Karani aliyeitwa Almasi alipokea dosie, akaiweka juu ya nyingine nyingi.

"Wewe chimba, Papa," alisema. "Nitakuja kupima mwezi wa nane."

Wakachimba. Msimamizi wa kazi alikuwa Gérard, mume wa Sifa, binti wa pekee wa Adalbert. Gérard alikuwa kijana mrefu, mchekeshaji, anayeimba nyimbo za kwaya huku akipiga sururu. Mwisho wa mwezi wa saba shimo lilikuwa limetimia: mita kumi na mbili kwa tano, upande mmoja kina cha mita moja, upande mwingine mbili na nusu, na ngazi ya udongo mahali ambapo watoto wangepandia.

Tarehe mbili mwezi wa nane, siku ya Jumapili, vita vikaanza tena. Baada ya siku chache mji ulikuwa mikononi mwa wakubwa wapya, waliopigana na serikali ya Kinshasa. Bwana Idrissa alikuwa amekwisha kupeleka familia yake Uvira, na kutoka huko hakuna aliyejua walikoelekea. Wachimbaji walitawanyika. Shimo likabaki peke yake nyuma ya nyumba iliyofungwa.

Jumanne ya wiki iliyofuata, Adalbert alisikia kwamba nyumba za Ibanda zinaporwa. Akakumbuka vyombo vyao vilivyobaki shimoni, hasa nivo, kile kipimo cha kunyooshea kuta.

"Nenda ulete nivo na toroli," alimwambia Gérard. "Nivo hatutapata nyingine."

"Ndiyo, Papa. Nikikuta mwizi anaitumia, nitamwuliza kama ukuta wake umenyooka."

Alitoka akicheka. Saa sita mchana akaja Godelive, mama aliyeuza ndizi mbele ya lango la Idrissa. Alikuja mbio, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Papa Adalbert, benyewe bamemubeba! Basoda. Bamemukuta ndani ya shimo, bamemuuliza ni ya nini, akasema pisini. Bakacheka sana, halafu bakamupiga."

*

Siku hiyo hiyo Adalbert alikwenda kambini kwa askari. Alivaa koti la Jumapili. Njiani alisali sala fupi moja tu, akairudia kila hatua: Bwana, mtoto huyu nimemtuma mimi.

Komanda alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya upole, na upole huo ulimtisha Adalbert kuliko kelele. Alikuwa amekwenda mwenyewe kulitazama shimo.

"Muzee, keti. Njo wewe mwenye kuchimba ile shimo?"

"Njo mimi, komanda. Ni pisini."

"Pisini." Komanda aliwageukia askari wake wawili. "Mumesikia? Ziwa nzima iko pale chini, maji inafika mpaka Goma, na huyu muzee anachimba ingine juu. Maji ya Mungu haimutoshe?"

Askari wakacheka. Adalbert akaeleza habari za mabinti wa Idrissa. Alieleza vizuri, pole pole, kama anavyomweleza mteja. Aliona jinsi kila neno lilivyotoka kinywani mwake likiwa kweli na kufika upande wa pili likiwa uongo. Komanda alitazama karatasi ndogo aliyoandikia vipimo vya shimo.

"Mita kumi na mbili kwa tano. Upande huu unapita mutu urefu. Na ngazi ya kushukia. Muzee, mimi niko musoda miaka kumi na tano. Shimo kama hii nimeiona mara mingi, na hata siku moja haikuwa ya kuogelea. Mulikuwa munaficha bunduki ya nani? Ao munatayarisha kuzika nani?"

"Hatuna bunduki, komanda. Tuko na sururu."

"Basi leta karatasi. Pisini katika mji lazima iko na kibali, si ndiyo? Mimi si mujinga, nilisoma. Nakupa mpaka Ijumaa. Karatasi ikisema pisini, kijana anaenda kwake."

Adalbert alitoka akimshukuru. Baadaye alijionea haya kwa shukrani ile, lakini siku ile aliona mlango umefunguliwa. Karatasi! Katika mambo yote ambayo mtu mwenye bunduki angeweza kuomba, alikuwa ameomba kitu cha haki, kitu ambacho Adalbert alikuwa amekwisha kukiomba mwenyewe kwa mkono wake.

*

Ofisi ya ujenzi ilifunguliwa Alhamisi tu. Sifa alimsindikiza baba yake. Alikuwa na mimba ya miezi mitano na hakukubali kubaki nyumbani. Walimkuta Almasi peke yake kati ya meza sita. Madirisha mawili yalikuwa yamevunjika, na dosie zilikuwa zimemwagwa sakafuni, naye alikuwa akizipanga upya akiwa amepiga magoti.

Adalbert alimweleza yote. Almasi alisikiliza, kisha akatafuta sakafuni karibu nusu saa mpaka akaipata dosie, na alama ya kiatu juu yake.

"Papa, iko shida," alisema. "Kibali cha mahali siwezi kumupa mutu asiye na leseni. Na leseni, sheria inasema inatolewa na kamisio ya watu watatu. Wanakaa, wanamwuliza fundi maswali, wanaweka sahihi. Sasa chef amekimbia. Wa pili banasema iko Nyangezi kwa bibi yake. Nimebaki mimi."

"Basi hakuna njia?"

Almasi alimtazama Sifa, akatazama tumbo lake. Akavuta kiti, akakaa nyuma ya meza ya mkuu wake.

"Leo mimi ni watatu. Papa Adalbert, simama. Swali la kwanza. Pisini inaanza kuvuja wapi?"

"Pembeni, mahali ukuta unakutana na sakafu."

"La pili. Juu ya muteremko, ukuta wa chini unaujengaje?"

"Mnene chini, mwembamba juu, na matundu ya kupitisha maji ya mvua, ili udongo usivimbe ukausukuma. Mtu asiyeacha matundu anamwua jirani."

"La tatu." Almasi alichukua kalamu. "Umejenga ngapi?"

"Kumi na moja. Hii ni ya kumi na mbili."

"Kamisio imekubali," alisema Almasi, akaandika leseni. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kisha akavuta karatasi ya kibali, akajaza jina la Idrissa, kipimo, mahali. Alipofika kwenye tarehe, kalamu ikasimama.

Juu ya meza palikuwa na mihuri miwili. Mmoja ulikuwa mpya, umeletwa Jumatatu na wakubwa wapya. Mwingine ulikuwa umefichwa ndani ya droo, umefungwa kwa kitambaa, nao ulikuwa wa serikali ya Kinshasa. Almasi alieleza kwa sauti ya chini. Akiandika tarehe ya leo, itabidi apige muhuri mpya, na karatasi itasema wazi kwamba shimo lilichimbwa bila ruhusa. Akiandika tarehe ishirini ya mwezi wa sita, siku dosie ilipoletwa, shimo litakuwa halali, lakini tarehe hiyo inataka muhuri wa zamani.

"Na muhuri wa zamani, wataupokea?" aliuliza Adalbert.

"Sijui, Papa. Wengine wanapokea. Wengine wakiuona wanasema wewe ni mutu wa Kinshasa. Mimi sitakuchagulia. Ukisema ya zamani, naandika. Ukisema ya leo, naandika."

Adalbert aliomba nafasi kidogo, akatoka kwenye baraza. Sifa akamfuata.

"Papa, aandike ya mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita nilileta ombi tu, mwanangu. Sikupewa kibali."

"Si siku ile alikwambia uchimbe? Si ni ruhusa ile? Papa, kama ni uongo, Mungu anihesabie mimi. Mimi niko tayari. Mimi nataka bwana yangu."

Adalbert akaegemea ukuta, akafumba macho, akasali. Aliomba neno moja tu litoke juu. Alisikia magari ya askari yakipita barabarani na mtu akipigilia msumari mahali fulani. Neno halikuja. Alipofumbua macho, kitu pekee alichokuwa nacho ni kile alichofundishwa tangu ubatizo wake: kwamba kweli haimponzi mtu wa Mungu. Na chini ya neno hilo, kama udongo mbichi chini ya saruji, kulikuwa na hofu ya muhuri ule uliofungwa kwa kitambaa. Katika miaka iliyofuata alijaribu mara nyingi kupima ni kipi kilichomsukuma zaidi, na hakuweza.

"Andika ya leo," alimwambia Almasi.

Sifa aligeuka, akatangulia kushuka ngazi bila kumngoja.

*

Ijumaa komanda aliisoma karatasi mara mbili. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Tarehe kumi na tatu mwezi wa nane," alisema. "Jana. Kwa hiyo wakati munachimba, hii haikuwa pisini."

"Ilikuwa pisini, komanda. Kwetu shimo linatangulia, karatasi inafuata. Ni desturi. Uliza fundi yeyote."

"Fundi yeyote amekimbia. Mimi nasoma tarehe." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati lake. "Lakini mimi ni mutu wa haki. Hii karatasi inasema pisini. Macho yangu inaona shimo. Moja inadanganya. Wewe weka maji. Siku nitaona maji imesimama, nitajua ni pisini, na kijana ataenda."

"Komanda, bila saruji maji hayasimami. Na saruji inatoka Uvira. Barabara ya Sange imefungwa."

"Wewe iko na leseni, muzee. Mimi siko na leseni."

Basi Adalbert alianza kazi ya kumi na mbili peke yake. Alizunguka mji wote akitafuta saruji, akapata mfuko mmoja ulioloa na kugeuka jiwe. Akachimba udongo wa mfinyanzi kwenye bonde, akaubeba mgongoni, akaukanyaga kwa miguu, akausiliba kwenye kuta na sakafu kwa mikono. Kila asubuhi Sifa alipeleka chakula kambini, kisha akaja kumsaidia. Askari wa langoni walipokea sahani ya ugali na mboga ya sombe au samaki wadogo wa sambaza, na kesho yake walimrudishia ikiwa tupu. "Amekula?" aliuliza. "Amekula, maman, anakusalimia." Kwa salamu hiyo aliweza kufanya kazi mpaka jioni.

Walipomaliza kusiliba, wakaanza kuteka. Kutoka ziwani mpaka kwa Idrissa ni mwinuko wa kukata pumzi. Sifa alikatazwa kubeba, akabeba. Godelive aliacha ndizi zake, akaja na madumu mawili, kisha wakaja wanawake wengine wa parokia, bila kuitwa. Walipanda na kushuka wakisali rozari kwa sauti, na walinzi wa nyumba za jirani waliwatazama kama watu waliorukwa na akili. Adalbert alipigilia msumari ukutani kuonyesha maji yalipofika. Asubuhi yalikuwa yameshuka urefu wa kiganja. Wakateka tena. Asubuhi yakawa yameshuka tena. Udongo uliyanywa. Fundi ambaye hakuwahi kujenga pisini inayovuja alikaa ukingoni akitazama ukuta wake ukinywa jasho la wanawake.

"Papa, usilie," Godelive alimwambia. "Machozi yako ni kidogo, haitajaza."

Wakacheka wote, hata Sifa. Ilikuwa mara ya mwisho.

Mwezi wa tisa mvua ikafika. Ilinyesha siku nne mfululizo, mvua nzito, na maji mekundu yalishuka kutoka mitaa ya juu yakaingia shimoni. Asubuhi ya siku ya tano maji yalifika kifuani kwa mtu upande wa kina, na msumari ulikuwa umezama. Adalbert alingoja siku moja nzima. Kesho yake msumari ulikuwa bado ndani ya maji. Yalikuwa machafu, rangi ya matofali, na chura wawili walikuwa wamekwisha kuhamia. Lakini yalisimama.

Alikwenda kambini mbio, amevaa koti la Jumapili, akimshukuru Mungu kwa sauti barabarani.

Yule komanda hakuwapo. Alikuwa amepelekwa mstari wa mbele, upande wa Shabunda, tangu wiki iliyopita. Mwingine alikaa kwenye kiti chake, kijana, akila karanga.

"Maji gani?" aliuliza.

Adalbert akaeleza tangu mwanzo.

"Iko wapi karatasi?"

"Komanda aliyetangulia aliiweka mfukoni mwake."

"Basi iko Shabunda." Akafungua daftari, akapitisha kidole chini ya majina, ukurasa wa kwanza, wa pili. "Gérard. Hapa hakuna Gérard. Hata mufungwa mumoja hakuna. Wote waliondolewa tarehe ishirini na mbili mwezi wa nane."

"Walipelekwa wapi?"

"Sikuwa hapa, muzee. Haikuandikwa."

Adalbert alihesabu. Tarehe ishirini na mbili. Siku tisa baada ya kibali. Wakati ule walikuwa hawajamaliza hata kusiliba ukuta.

"Lakini chakula," alisema. "Binti yangu analeta chakula kila siku. Sahani inarudi tupu."

Kijana aliacha kutafuna. Aliangalia langoni, kwa askari wake, kisha akainamisha macho kwenye daftari, akalifunga.

"Mwambie asilete tena," alisema.

*

Sifa alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yao, Kadutu, tangu aliposikia kwamba baba yake amekwenda kambini. Alikuwa amefua shati la Gérard na kulipiga pasi. Adalbert alimwambia yote, hata habari ya sahani, maana hakujua kumwambia nusu. Sifa alisikiliza amesimama. Baba yake alipomaliza, aliuliza neno moja tu.

"Kama angeandika ile tarehe ingine, Papa?"

"Sijui, mwanangu."

"Wangemwachilia ile Ijumaa."

"Labda. Labda wangenishika na mimi. Sijui."

Adalbert alitamani amwambie kwamba Mungu anajua. Maneno yalikuwa tayari kinywani, lakini aliona uso wa binti yake, akayameza.

Kabla ya kula, walikaa kusali kama kila siku katika nyumba ile. Adalbert alianza Baba Yetu, Sifa akaitikia kwa sauti isiyo na rangi. Walipofika mahali pa kusema mapenzi ya Mungu yatimizwe, Sifa akanyamaza. Adalbert akamngoja. Kisha akaona kwamba na yeye mwenyewe amenyamaza, na kwamba hajui kama atapata nguvu ya kuyasema. Ugali ulikuwa ukipoa. Walikaa hivyo, kila mmoja akitazama mikono yake, na sala ikabaki mahali pale.